Karatasi za mwanasiasa wa Kusini mwa Marekani: ziende Maktaba ya Bunge, nyaraka za jimbo au chuo kikuu?

Thomas Watson wa Georgia alifariki Washington mwezi Septemba 1922 akiwa seneta. Gavana akamteua Rebecca Felton, bibi wa miaka 87, akalie kiti kilichobaki wazi. Felton akaapishwa tarehe 21 Novemba, akawa mwanamke wa kwanza kuingia Seneti ya Marekani, na siku iliyofuata akampisha mtu aliyekuwa amechaguliwa. Leo karatasi za Felton ziko Athens, katika Chuo Kikuu cha Georgia. Za Watson ziko Chapel Hill, katika Chuo Kikuu cha North Carolina, na kati ya miji hiyo miwili kuna jimbo la South Carolina. Walikalia kiti kile kile mwaka ule ule, lakini anayetaka kuwasoma wote wawili kwenye karatasi zenyewe inabidi afunge safari mbili.

Nyuma ya kila mkusanyiko kama huo kuna mtu aliyeamua: mjane, mjukuu, au profesa aliyepiga hodi mapema kuliko wenzake. Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya anayekabiliwa na uamuzi wa namna hiyo. Huenda unasomea kazi ya nyaraka huko Marekani na familia fulani imekuomba ushauri juu ya masanduku ya babu yao aliyekuwa mbunge. Huenda unatafiti maisha ya Wamarekani Weusi wa Kusini katika miaka ya 1890 hadi 1930 na unataka kujua kwa nini barua unayoitafuta iko mahali usipopategemea. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: usichague kwa ukubwa wa jina la taasisi. Uliza mambo mawili, karatasi zitakaa jirani na za nani, na nani ataweza kuzifikia. Mengine yote, hata yale ya rafu na maboksi, yana ufumbuzi.

Kwanza tenga kilicho mali ya familia

Kwa desturi ya Marekani, barua na karatasi za ofisini mwa mbunge au seneta ni mali yake mwenyewe. Hata karatasi za marais zilihesabiwa hivyo mpaka sheria ya 1978 ilipobadilisha mambo. Kumbukumbu za kamati za Bunge ni habari nyingine: hizo ni za Bunge na hukaa Nyaraka za Taifa. Karatasi rasmi za gavana nazo ni za jimbo.

Ugumu ni kwamba wanasiasa wa Kusini wa enzi ile walivaa kofia nyingi. Benjamin Tillman alikuwa gavana wa South Carolina kuanzia 1890 hadi 1894, kisha seneta kuanzia 1895 mpaka kifo chake 1918. James Vardaman wa Mississippi alipitia njia hiyo hiyo. Watson alikuwa wakili, mkulima mkubwa, mchapishaji wa magazeti na mgombea urais mara mbili. Kwa hiyo ndani ya sanduku moja utakuta hesabu za shamba la pamba, faili za wateja wa uwakili, hotuba, picha za harusi, na pengine ombi la msamaha la mfungwa lililoandikwa kwa gavana. Hilo la mwisho huenda si la familia kulitoa. Yafafanue mambo haya na ofisi ya nyaraka ya jimbo kabla ya kuzungumza na maktaba yoyote, maana ikigundulika baadaye mkusanyiko utachambuliwa upya na mpangilio wake utavurugika.

Washington: Maktaba ya Bunge

Idara ya hati za mkono ya Maktaba ya Bunge ilianzishwa 1897, na imepokea karatasi za watu wengi wa Kusini waliofika juu. Josephus Daniels yuko huko: mwenye gazeti la News & Observer la Raleigh, Waziri wa Jeshi la Majini kuanzia 1913 hadi 1921, kisha balozi nchini Mexico. John Sharp Williams, seneta wa Mississippi, yuko huko. Cordell Hull wa Tennessee, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, pia. Na rais aliyewainua wengi wao, Woodrow Wilson, mzaliwa wa Virginia, karatasi zake ziliingia humo kupitia mkewe Edith.

Faida kubwa ni ujirani. Katika chumba hicho hicho cha kusomea unaweza kuagiza kumbukumbu za NAACP, chama kilichopigania haki za Wamarekani Weusi tangu 1909, na karatasi za Booker T. Washington zilizotoka Tuskegee, chuo cha Weusi alichokiongoza Alabama. Asubuhi unasoma seneta anavyowaandikia wenzake kuhusu kura za Weusi, na mchana unasoma barua za Weusi wenyewe za miaka ile ile, wakieleza walivyofukuzwa vituoni. Sijui hoja yenye nguvu kuliko hiyo kwa yeyote anayeichagua Washington. Karatasi za mwanasiasa aliyejenga ubaguzi zikisomwa peke yake humfanya msomaji aanze kuona dunia kwa macho ya mwenye karatasi. Zikisomwa na za jirani, uongo wake unaonekana ukurasa kwa ukurasa.

Lakini Maktaba ya Bunge inatafuta watu wa uzito wa kitaifa. Mtu aliyekaa Bungeni vipindi viwili na kutumia miaka thelathini akitawala siasa za kaunti yake anaweza kukataliwa, na hata akipokelewa, umuhimu wake uko kwenye kaunti ile, si Washington. Mwalimu wa sekondari wa huko, au mjukuu wa mkulima aliyelima kwa kugawana mavuno kwenye shamba la mbunge huyo, hatapanda basi kwenda mji mkuu kusoma faili tatu. Familia huvutiwa na heshima ya kuona jina la babu kwenye orodha moja na la rais, na mimi naielewa hamu hiyo. Isitangulie swali la msomaji.

Nyaraka za jimbo

Hapa ndipo historia inapokuwa nzito, na naomba msomaji asiipite haraka.

Idara ya Nyaraka na Historia ya Alabama, Montgomery, ilianzishwa Februari 1901. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake Marekani: idara ya serikali ya jimbo yenye kazi ya kutunza kumbukumbu. Mwaka huo huo Alabama iliandika katiba mpya kwa lengo la kuwanyima Weusi kura. Mambo hayo mawili yalizaliwa pamoja, na watu wake walikuwa jamii moja. Mwanzilishi wa idara, Thomas Owen, alikuwa mkwe wa John Bankhead, aliyekuwa seneta kuanzia 1907. Owen na Bankhead walifariki mwezi mmoja, Machi 1920. Marie Bankhead Owen, mjane wa mmoja na binti wa mwingine, akaichukua idara na kuiongoza mpaka 1955. Kwa hiyo karatasi za Seneta Bankhead zimo katika idara iliyoongozwa miaka 35 na binti yake. Ndani ya jengo hilo hilo zimo za Oscar Underwood, mtu wa sheria ya ushuru ya 1913, ambaye katika mkutano mkuu wa Democratic wa 1924 alitaka chama kiilaani Ku Klux Klan kwa jina.

Juni 2020 idara hiyo ilitoa tamko ikikiri kwamba kwa zaidi ya nusu karne ilitumia nguvu nyingi kukusanya vitu vya Shirikisho la Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, huku ikikataa kukusanya vya Wamarekani Weusi wa Alabama. Naliheshimu tamko lile. Halirudishi kilichopotea, kwa sababu barua ambayo haikupokelewa 1925 ilikwisha kuliwa na panya au kuchomwa. Ila linamsaidia mtoaji wa leo: ana haki ya kuiuliza idara yoyote ya jimbo imekusanya nini kutoka upande wa pili tangu hapo, na kudai kuonyeshwa.

Na chumba cha kusomea chenyewe? Mwaka 1939 John Hope Franklin, kijana Mweusi aliyekuwa akiandika tasnifu yake ya Harvard, alikwenda kwenye nyaraka za jimbo la North Carolina mjini Raleigh. Mkurugenzi alimwambia kwamba waliojenga jengo hawakuwahi kufikiria kwamba mtu Mweusi angekuja kufanya utafiti. Akaombwa asubiri siku kadhaa, akatengewa chumba chake peke yake, na akapewa ufunguo wa ghala ili ajichukulie mwenyewe, kwa sababu wahudumu Wazungu wangeweza kukataa kumhudumia. Baada ya majuma mawili ufunguo ulichukuliwa: watafiti Wazungu walilalamika kwamba yeye anaingia ghalani na wao hawaruhusiwi. Franklin aliendelea na kazi yake, akaja kuwa mmoja wa wanahistoria wakubwa wa nchi ile. Wangapi waligeuzwa mlangoni na hawakurudi? Kila ninapolinganisha mahali pa kuweka karatasi, namuweka Franklin mbele ya meza ya mapokezi na kuuliza angepokewaje wakati ule, na anayemfanana anapokewaje leo.

Pamoja na hayo, kuna kazi ambayo nyaraka za jimbo zinaifanya na hakuna mwingine anayeiweza. Zina kumbukumbu za ofisi ya gavana, na mara nyingi daftari za kodi, kesi za mahakama za kaunti na orodha za wapiga kura. Ukiwa na barua ya bosi wa kaunti akimhakikishia seneta kwamba uchaguzi umekwisha kupangwa, na kwenye rafu ya pili ukaipata orodha ya wapiga kura wa kaunti ile mwaka ule, unacho kitu kinachokaribia ushahidi wa mahakamani. Kwa gavana, spika wa bunge la jimbo au mtu ambaye nguvu zake zote zilikuwa nyumbani, mimi ningezipeleka huko. Angalizo langu ni fedha: bajeti inatoka kwa wanasiasa wa leo, na mwaka wa shida saa za kufungua chumba cha kusomea ndizo zinazopunguzwa mapema.

Chuo kikuu

Watson alifikaje Chapel Hill? Mwaka 1930 profesa J. G. de Roulhac Hamilton alianzisha huko Mkusanyiko wa Historia ya Kusini. Alizunguka majimbo kwa gari, akiingia nyumba moja baada ya nyingine, akishawishi familia kufungua vyumba vya juu na vibanda vya nyuma. Majimbo jirani yalimkasirikia hata akapewa jina la utani la mporaji. Hasira yao naielewa. Alibeba urithi wa Georgia, Alabama na Mississippi akaupeleka kwao North Carolina. Lakini karatasi nyingi alizozichukua zilikuwa zikivujiwa na mvua. Hamilton mwenyewe alikuwa mwanahistoria wa kundi lililoitetea serikali ya Wazungu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hilo lilichangia ni milango ipi aliyoipigia hodi.

Kilichotokea baadaye ndicho kinachonifanya nikiamini chuo kikuu kuliko mkusanyaji mwenyewe. Karatasi za Watson zilimvuta Chapel Hill kijana C. Vann Woodward, akazifanyia tasnifu ya udaktari ya 1937 na kuchapisha wasifu mwaka uliofuata. Alimwonyesha Watson wa miaka ya 1890, aliyewaita wakulima wadogo Weusi na Wazungu wasimame pamoja, na Watson wa baadaye, aliyewageukia Weusi, Wakatoliki na Wayahudi kwa maneno ya sumu, ambaye magazeti yake yalichochea hasira dhidi ya Leo Frank, meneja Myahudi wa kiwanda huko Atlanta, mpaka akanyongwa na kundi la watu Agosti 1915. Kama zile barua zingekaa kabatini Thomson, nyumbani kwa Watson, tungebaki na hotuba zake na magazeti yake tu, yaani sura aliyotaka tuione. Siku hizi sehemu kubwa ya mkusanyiko huo inasomeka mtandaoni, kwa msaada wa wakfu unaobeba jina la familia yake. Mwanafunzi aliyeko Dodoma anaweza kuufungua usiku huu.

Vyuo vingine vimefanya vivyo hivyo kwa watu wa kwao. Carter Glass, mmoja wa waliosukuma katiba ya Virginia ya 1902 na baadaye sheria ya benki kuu ya 1913, yuko Chuo Kikuu cha Virginia. Tillman na James Byrnes wako Clemson, South Carolina. Theodore Bilbo yuko Chuo Kikuu cha Southern Mississippi, Hattiesburg.

Clemson inafundisha hatari ya upande huu. Tillman alikuwa miongoni mwa waliokianzisha chuo chenyewe 1889, akakaa kwenye bodi yake maisha yake yote, na jengo kuu lilikuja kuitwa kwa jina lake. Huyu ni mtu aliyeshiriki mauaji ya Weusi huko Hamburg, South Carolina, ya 1876 na kujisifia hadharani, ndani ya Seneti, jinsi walivyowazuia Weusi kupiga kura kwa bunduki na wizi. Mwaka 2020 bodi ya Clemson iliomba ruhusa ya bunge la jimbo iliondoe jina hilo kwenye jengo. Chuo kinapomtunza mwanzilishi wake au mfadhili wake, muulize mkuu wa idara ya mikusanyiko kama maelezo ya mkusanyiko yanaandikwa na wahifadhi au yanapitia ofisi ya mahusiano kwanza. Omba kuona mwongozo wa mkusanyiko mwingine wenye utata waliokwisha kuuchapisha. Kama unasema tu kwamba bwana fulani alikuwa kiongozi na mwanamageuzi, na haugusi kura walizonyang'anywa watu, umeshajua wa kwako utaandikwaje.

Kugawanya

Karatasi za Daniels ziko Washington, na nyingine nyingi ziko Chapel Hill. Ukitafiti uwaziri wake, Washington inakutosha. Ukitafiti jinsi gazeti lake lilivyoendesha kampeni ya ukuu wa Wazungu ya 1898, iliyoishia na mapinduzi na mauaji ya Wilmington, itakubidi uangalie kotekote, kwa sababu mtu hakuishi maisha yake kwa mafungu. Ushauri wangu: usigawanye. Kama imeshatokea, lazimisha miongozo yote miwili itajane.

Kuuza kwenye mnada ni kugawanya kubaya zaidi. Mnunuzi anataka barua yenye sahihi ya rais. Mia tisa za wakulima wa kawaida hana haja nazo. Atang'oa moja na zilizobaki zitakosa maana.

Mpangilio aliouacha mwenyewe, au mpangilio wa mada?

Kuna mvuto mkubwa wa kuchukua maelfu ya barua na kuyapanga upya kwa mada: reli, pamba, ushuru, pombe, Weusi. Kwa macho ya kwanza ni msaada kwa msomaji. Mimi nasimama na kanuni ya zamani ya wahifadhi: mpangilio wa ofisi ya mwenyewe uachwe, na karatasi za mtu mmoja zisichanganywe na za mwingine.

Bilbo atueleze kwa nini. Aliingia Seneti ya jimbo la Mississippi 1908, akawa gavana mara mbili, na Aprili 1939 akiwa seneta alipeleka muswada wa kuwahamishia Wamarekani Weusi Liberia. Alikuwa mbaguzi asiyejificha. Hata hivyo muswada ule uliungwa mkono na Weusi waliotaka kurudi Afrika kwa sababu zao wenyewe: Marcus Garvey aliusifu, na Mittie Maude Lena Gordon wa Chicago, kiongozi wa Peace Movement of Ethiopia, aliandikiana na Bilbo, na wafuasi wake wakasafiri hadi Washington kuutetea. Barua za mwanamke huyu zimo katika karatasi za Bilbo, Hattiesburg. Maisha ya viongozi wa aina yake yaliacha nyayo chache sana kwenye maktaba. Sehemu ya sauti yao imehifadhiwa na adui waliyeamua kumtumia. Sasa fikiria mpangaji aliyezikuta barua hizo, akazitia kwenye faili moja lililoandikwa “Weusi” pamoja na matusi ya wapiga kura Wazungu, au akaziona za watu wasio na umuhimu na kuzipunguza. Tungepoteza lini ziliandikwa, zilijibiwa na nani, na zilikuwa zimekaa kati ya barua gani nyingine.

Pale ambapo mpangilio wa mwenyewe umekwisha kuvurugwa, na katika familia nyingi mtu ameshapekua akitafuta stempu au barua za mapenzi, usiigize mpangilio ambao haupo. Tenga kwa aina na tarehe, uandike kwamba umefanya hivyo, kisha ufungue milango. Mwaka 2005 Mark Greene na Dennis Meissner walitoa hoja kwamba wahifadhi wa Marekani wanapoteza miaka kung'oa kila pini na kunyoosha kila kona huku watafiti wakisubiri nje. Nakubaliana nao kwa kiasi kikubwa. Kwenye hewa ya unyevunyevu ya Georgia au Louisiana, pini iliyoshika kutu iondoke kabla haijatoboa ukurasa. Iliyo safi ibaki.

Jambo moja lidaiwe kwa taasisi yoyote utakayoichagua: majina ya walioandika barua yaingizwe kwenye mwongozo, si ya wakubwa peke yao. Kizazi cha mkulima aliyelalamika kwa mbunge mwaka 1911 hakitajua pa kutafuta bila hilo.

Hali ya karatasi zenyewe

Karatasi za mwaka 1900 zina maisha mafupi kuliko za 1800. Zilitengenezwa kwa massa ya mti, zina asidi, na vipande vya magazeti vilivyobandikwa kwenye madaftari hugeuka rangi ya chai na kuichoma barua iliyo kando. Vitabu vya nakala, vile ambavyo barua ilibanwa kwenye karatasi laini yenye unyevu ili wino uache alama, vina barua alizotuma mwanasiasa na pengine hazipo kokote kwingine. Hivyo vipigwe picha kabla ya kitu chochote, maana wino unafifia. Filamu za picha za kabla ya miaka ya 1950 huenda ni za nitrati, zinashika moto haraka. Ukisikia harufu kali ukafungua kopo ukakuta filamu inanata, zitoe nyumbani na uite mtaalamu.

Uliza ghala la taasisi lina joto na unyevu wa kiasi gani. Karibu nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 35 hadi 50 ni jibu zuri. Maktaba ndogo ya chuo yenye kiyoyozi cha kuaminika inaishinda kubwa yenye bomba linalovuja juu ya rafu.

Kati ya mikrofilamu na kuskani, fanya kuskani kwa ajili ya wasomaji. Kama taasisi bado ina uwezo wa mikrofilamu kwa ajili ya kudumu, shukuru na ukubali. Karatasi zenyewe zisitupwe kwa sababu yoyote ile.

Kufunga au kufungua

Robert Lincoln, mtoto wa Rais Abraham Lincoln, aliitolea Maktaba ya Bunge karatasi za baba yake kwa sharti zifungwe mpaka miaka 21 baada ya kifo chake yeye. Zikafunguliwa Julai 1947, miaka 82 baada ya rais kuuawa. Katika kusubiri huko uvumi ulijaa nafasi ya ukweli. Kwa mwanasiasa aliyefariki 1918 au 1922 sioni sababu ya kufuli. Aibu ya familia haitoshi, na naisema bila kuwadharau wajukuu. Wanaumia kweli wanaposoma babu aliyewabeba mabegani akiagiza watu wazuiwe kupiga kura. Wapewe muda wa kusoma kabla ya kutia sahihi. Wasipewe kura ya turufu juu ya nani asome baadaye. Faili za wateja wa uwakili ndizo pekee zinazohitaji ushauri wa mwanasheria, kwa kuwa siri ya mteja haifi na mteja.

Ningechagua nini

Waziri, balozi au mtu aliyeshika sera za taifa zima: Maktaba ya Bunge, ikikubali kuchukua zote pamoja na za kaunti. Gavana na bosi wa jimbo: nyaraka za jimbo, baada ya kuona kwa macho wanachokusanya kutoka kwa Weusi wa jimbo hilo. Mbunge, mhariri, mwanaharakati wa wakulima kama Watson: chuo kikuu, na kwa kawaida cha jimbo lake. Kwa wengi wa kundi hili chuo kinashinda, kwa sababu kina wanafunzi wanaohitaji mada kila mwaka na karatasi zinapata wasomaji.

Bado kuna wanasiasa Weusi wa Kusini. Kipindi cha George Henry White wa North Carolina kilimalizika Machi 1901, na hakuna Mweusi kutoka Kusini aliyekaa tena Bungeni mpaka 1973. P. B. S. Pinchback, aliyewahi kuwa gavana wa Louisiana kwa wiki chache, alifariki 1921, na karatasi zake ziko Howard, chuo kikuu cha Weusi mjini Washington, katika kituo kilichoanzia kwenye zawadi ya vitabu ya 1914. Kwa familia yenye barua za mtu wa namna hiyo, hata kama ni bahasha mbili, ningeanza na Howard, Tuskegee, Fisk au maktaba ya vyuo vya Atlanta. Huko ndiko walikolindwa wakati wengine waliwakataa, na majirani zao kwenye rafu wanawaelewa. Mara nyingi fedha ni chache, kwa hiyo mwenye uwezo atoe karatasi pamoja na mchango wa kuzishughulikia.

Mkishachagua, andikeni hati ya zawadi, si amana. Taasisi haitagharimia kitu ambacho kinaweza kuchukuliwa kesho. Hati iseme kama hakimiliki ya maandishi ya mwanasiasa inahamishwa au la, na mkumbuke kwamba hakimiliki ya barua ni ya aliyeiandika, si ya aliyeipokea, na Marekani kwa barua zisizochapishwa hudumu miaka 70 baada ya kifo chake. Warithi wote watie sahihi, hata yule wa mbali asiyepokea simu. Iandikwe pia lini mwongozo utakuwa tayari, na kwamba chochote ambacho maktaba haikihitaji kisitupwe wala kuuzwa kabla ya kuulizwa familia na kutolewa kwa maktaba ya kaunti alikotoka.